Kidonge cha mama na bomu la Hiroshima: jirani yako hakukosea sana

Swali limetoka kwa Mama Tumaini wa Kayole, Nairobi. Nimelifupisha kidogo:

"Hujambo daktari. Mama yangu ana miaka 56 na anaugua goita. Amekonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Sasa ameambiwa aje ameze kidonge kimoja cha iodini yenye nyuklia, kisha arudi nyumbani siku hiyohiyo. Nyumbani ni kwangu, chumba kimoja, choo ni cha ploti nzima, na nina mtoto wa miezi saba, Tumaini, aliyezoea kulala na nyanya yake. Jirani yetu anasema nyuklia ni nyuklia, ni ileile ya Hiroshima na ileile ya kinu cha umeme walichotaka kujenga Kilifi. Je, ni kitu kilekile? Nani alithubutu kumpa mtu kitu hicho mara ya kwanza? Na mtoto wangu je?"

Mama Tumaini, kwanza nijisahihishe mbele yako: mimi si daktari. Ni mwanafizikia wa hospitali, yule mtu ambaye hamumwoni wodini lakini dawa yenye mionzi haimfikii mgonjwa kabla hajaipima. Daktari wa mama ndiye aliyechagua tiba. Kazi yangu ni kuhakikisha tiba hiyo inafika ilikotumwa na haimgusi asiyehusika, na Tumaini hahusiki, kwa hivyo swali lako limeangukia mahali pake.

Sasa jirani. Wengi wangekuambia umpuuze. Mimi naona amekaribia ukweli kuliko anavyojua mwenyewe. Kidonge cha mama na lile bomu vimezaliwa katika nyumba moja, miaka ileile, na mara nyingine mikononi mwa mtu yuleyule. Kinachovitenganisha si jina. Ni kiasi, ni mahali kitu kinapokwenda, na ni muda kinaokaa. Ukiyashika hayo matatu utaweza kupanga chumba chako bila kumsubiri mtu akutulize.

Tuanze na kidonge chenyewe. Iodini iliyomo katika chumvi ya dukani ina kiini chenye chembe za aina mbili, protoni 53 na neutroni 74, jumla 127. Iodini ya kidonge, ambayo sisi huiita iodini-131, ina protoni zilezile 53 na neutroni 78. Neutroni nne za ziada, basi. Tezi ya mama, ile iliyo mbele ya shingo na ambayo sasa imevimba, huvuta iodini kutoka damuni ili itengeneze homoni, na haina namna ya kujua ipi ni ipi. Huvuta zote. Lakini kiini chenye neutroni hizo nne hakitulii. Siku isiyojulikana, saa isiyojulikana, neutroni yake moja hugeuka kuwa protoni, ikarusha elektroni kwa kasi kubwa, na mara nyingi mwali wa gama ukafuata. Kinachobaki si iodini tena, ni zenoni, gesi isiyojishughulisha na chochote mwilini.

Ile elektroni, yaani mionzi ya beta, haifiki mbali. Ndani ya nyama husafiri chini ya milimita moja kwa kawaida, na hata zile zenye nguvu zaidi huishia milimita mbili hivi. Inaunguza seli za tezi na kukomea hapohapo, na hiyo ndiyo tiba yote. Gama ndiyo inayopenya na kutoka nje ya shingo ya mama. Kwa hivyo beta ni ya mama, na gama ndiyo inayomhusu Tumaini.

Urani ya bomu ina tabia nyingine kabisa. Kiini cha urani-235 kikigongwa na neutroni hupasuka vipande viwili, na katika kupasuka huko hutoa neutroni nyingine mbili au tatu, nazo zikapasua viini jirani, hivyo hivyo mpaka ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho mji mzima umeteketea. Iodini-131 haipasuki hivyo wala haitoi neutroni za kuwasha mwenzake. Ukivirundika vidonge vyote vya iodini vya dunia nzima pahali pamoja utapata joto na mionzi ya kukuua, lakini mlipuko hutaupata hata ukiungoja mwaka.

Kuhusu kiasi, hapa ndipo wagonjwa wangu huniangalia kama nawatania. Tuseme mama atapewa megabekereli 400, kiwango cha kawaida kwa goita ya aina yake. Maana yake ni viini milioni 400 vinavyogeuka kila sekunde. Inatisha, sivyo? Lakini ukiipima iodini hiyo kwa mizani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya maikrogramu, na maikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini ya kawaida kila siku kutoka kwenye chakula. Kwa maneno mengine, chumvi ya mboga ya leo ina iodini mara elfu moja na zaidi kuliko kidonge hicho. Ganda lake na unga uliomo ndani ndivyo utakavyoviona kwa macho. Dawa yenyewe hakuna jicho litakaloiona.

Umeuliza nani alithubutu. Historia ndefu sitakurudishia yote. Becquerel pale Paris mwaka 1896 aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa karatasi nyeusi, mawingu yakamnyima jua alilodhani analihitaji, akaliacha bamba kwenye mtoto wa meza, na aliposafisha picha alikuta bamba limeungua alama ya ile chumvi bila jua lolote. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie wakapata poloniamu na radiumu, elementi mbili zenye mionzi mikali. Rutherford akaonyesha mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo kizito katikati, na Chadwick akaipata neutroni mwaka 1932. Hayo utayapata katika kitabu chochote cha kidato cha nne.

Mimi napenda zaidi mwaka 1934. Mpaka hapo mionzi ilikuwa ya kuchimbwa tu, kama dhahabu: ulichukua ulichopewa na ardhi. Januari ya mwaka huo Irène, binti ya Marie Curie, pamoja na mumewe Frédéric Joliot, walilipiga bati la alumini kwa mionzi ya poloniamu. Walipoiondoa poloniamu, kipimo kiliendelea kulia. Bati lenyewe lilikuwa limegeuka kuwa na mionzi, likawa na fosforasi isiyodumu ila dakika chache. Binadamu alikuwa ametengeneza mionzi kwa mkono wake. Marie aliiona kazi ya bintiye, na Julai ya mwaka huohuo akafariki kwa ugonjwa wa uboho ambao wengi huulaumu kwa miaka aliyoishi na mionzi bila kujikinga. Madaftari yake mpaka leo yamehifadhiwa kwenye masanduku yenye kuta za madini ya risasi.

Sasa fikiria daktari wa goita akisikia habari hiyo. Jina lake Saul Hertz, wa hospitali ya Massachusetts General kule Boston. Novemba 1936 mwanafizikia Karl Compton alikuja kuwahutubia madaktari, na Hertz akainuka na swali moja la mtu anayeijua kazi yake: je, iodini inaweza kutengenezwa iwe na mionzi? Alijua tezi itaivuta yenyewe, haina haja ya kisu. Mwaka 1937 walianza na sungura, kwa iodini ambayo nusu yake hutoweka kila dakika 25. Ilitosha kufanyia utafiti, lakini kutibu haikuweza. Mwaka 1941 Hertz akampa mgonjwa wa kwanza iodini iliyotoka kwenye saiklotroni (mashine ya kurusha chembe za atomu kwa kasi), mgonjwa wa goita yenye kasi kama ya mama yako. Kwa hivyo aliyethubutu ni mtu aliyeuliza swali, akangoja zaidi ya miaka minne, akaanza na sungura. Ningependa wote tuthubutu kwa mwendo huo.

Na iodini-131 yenyewe, hii ya siku nane, ilipatikana Berkeley, California, mwaka 1938 na Glenn Seaborg na John Livingood. Shika jina la Seaborg. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake waliitambua plutoniamu, metali inayopasuka kama urani, na ni plutoniamu iliyokuwa ndani ya bomu la Nagasaki la tarehe 9 Agosti 1945. Mtu mmoja, maabara ya mji mmoja. Miaka ilipopita Seaborg alisimulia kwamba mama yake mzazi aliugua tezi akatibiwa kwa iodini-131 ya mwanawe. Ukimsimulia jirani yako habari moja tu kutoka barua hii, msimulie hiyo.

Ukitaka kumsimulia ya pili, iko karibu na nyumbani. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia kwenye mradi wa mabomu ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, eneo ambalo watu wake huzungumza Kiswahili hadi leo. Mawe yake yalikuwa tajiri kupindukia. Mwaka 1940 bosi wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 mpaka ghala moja la New York kabla hata Wamarekani hawajamuuliza. Walioyachimba kwa mikono hawakuambiwa wanachimba nini. Kila ninaposikia nyuklia ikiitwa mambo ya Wazungu hukumbuka mgodi huo.

Vita vilipokwisha, kinu cha nyuklia cha Oak Ridge, Marekani, kilichojengwa kwa ajili ya mabomu kilianza kutoa dawa za hospitali mwaka 1946, na iodini ikawa rahisi kupatikana. Barani kwetu hadithi ilijirudia kwa namna yake. Pelindaba, karibu na Pretoria, kuna kinu kiitwacho SAFARI-1 kilichowashwa mwaka 1965. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliunda mabomu sita ya nyuklia, kisha ikayavunja yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na urani ile iliyorutubishwa ikatumika katika kinu hicho kutengenezea dawa. SAFARI-1 leo ni mojawapo ya vinu vinavyolisha hospitali za dunia. Unaona kwa nini sikumcheka jirani?

Kutoka vinu kama hivyo dawa husafiri kwa ndege huku ikiisha njiani. Iodini-131 hupoteza nusu yake kila siku nane. Hiyo ndiyo huitwa nusu-maisha. Ukiihesabu kwa siku moja, ni kama asilimia 8 imekwenda. Ndege ikichelewa siku mbili tunapiga hesabu upya. Ukisikia hospitali imeahirisha siku ya mama, usifikirie hongo au uvivu kabla hujauliza kama mzigo umefika. Dawa nyingine haziwezi kusafiri mbali: ile florini ya kutafutia saratani hubaki nusu kila dakika 110, ndiyo sababu hospitali zinazoitumia hapa Nairobi, kama Aga Khan pale Parklands na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, zina saiklotroni zao za kuitengeneza palepale.

Siku yenyewe itakuwa hivi. Mama atafika bila kifungua kinywa, kama alivyoelekezwa. Ataingia chumba kidogo, na mtu wa vipimo atamletea kopo la risasi, kubwa kama kikombe cha chai lakini ukilinyanyua utadhani ni jiwe la kusagia. Ndani mna kichupa cha plastiki, na ndani ya kichupa ganda moja la kidonge. Hataligusa kwa vidole. Ataliinamisha kinywani moja kwa moja kutoka kwenye kichupa, ashushie na maji. Hakuna ladha, hakuna joto, hakuna anachosikia. Baadaye tutamsimamisha kwenye alama ya tepu sakafuni, sisi tukiwa mita moja kutoka kwake, na kumwelekezea kipimo tumboni na shingoni.

Hapo ndipo wengi hukasirika. Mama mmoja aliniambia, "Mnaniambia ni salama na nyinyi wenyewe mnarudi nyuma." Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimjibu kwamba yeye anameza mara moja na anapata nafuu badala yake. Mimi hukaa na vidonge hivyo mwaka mzima na hakuna kinachonitibu. Kurudi hatua mbili hakunigharimu kitu.

Hatua mbili hizo ndizo siri ya chumba chako, kwa hivyo sasa nisome polepole. Mita moja kutoka kwa mtu aliyemeza megabekereli 400, siku ya kwanza, kipimo kitaonyesha karibu maikrosiveti 20 kwa saa (maikrosiveti ni kizio cha mionzi inayoupata mwili). Nenda mita mbili, itashuka mpaka 5. Nenda mita tatu, ni 2 na kidogo. Umbali ukizidishwa mara mbili, mionzi hupungua mara nne. Na kinyume chake ni kweli vilevile: mshike mtoto kifuani, sentimita 25 kutoka shingoni, na zile 20 zinakuwa 320. Kikomo tunachomwekea mtu asiye mgonjwa ni maikrosiveti 1,000 kwa mwaka. Tumaini akilala mikononi mwa nyanya yake kwa muda wa saa tatu na ushei usiku wa kwanza, amemaliza posho yake ya mwaka. Hataungua wala hatanyonyoka nywele. Tuko mbali sana na vipimo vya namna hiyo, na kwa wastani binadamu hupata kama 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Lakini tezi na seli za mtoto mchanga bado zinakua, na hakuna sababu ya kumpa kitu asichokihitaji kwa sababu watu wazima hawakupanga kitanda.

Nina kosa langu la kukueleza. Miaka kadhaa iliyopita, hospitali sitaitaja, tulikuwa tukiwapa wagonjwa karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Iliandikwa kwamba mgonjwa alale chumba chake peke yake na atumie choo chake. Mama mmoja alisomewa, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Baada ya siku tano alirudi kupimwa, na nikamkuta kwenye benchi amempakata mjukuu. Nilipomuuliza aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba yao ni ya mabati, futi kumi kwa kumi, wanalala watano, na aliona aibu kusema hivyo mbele ya vijana wa koti jeupe. Nilipiga hesabu ya yule mtoto usiku ule mara tatu. Haikuwa mbaya, lakini usingizi sikuupata. Tangu hapo siulizi mgonjwa kama ana chumba cha ziada. Namuuliza wanalala wangapi na kitanda kiko wapi.

Kwa hivyo siku ya kwanza kabisa mkifika, kabla ya kidonge, waambie wazi: chumba kimoja, choo cha ploti, mtoto wa miezi saba. Usione haya. Inaweza kubadilisha mpango wote. Kama kuna kitanda cha wodi ya mionzi wanaweza kumlaza siku mbili za mwanzo, au wakusaidie kupanga tarehe.

Kama atarudi kwako, bora wewe na Tumaini ndio muhame, si mama. Kwa mtoto wa umri wake muda wa kukaa mbali mara nyingi ni majuma mawili hadi matatu. Siku kamili itategemea kiasi alichopewa, na watakuandikia. Dada, shangazi, yeyote mwenye nafasi. Kama hakuna, basi mama aende kwa ndugu watu wazima wasio na mimba wala watoto wadogo. Ila asipande basi la kwenda mashambani siku hiyo. Muda wa saa nane bega kwa bega na abiria, nusu mita hivi, ni maikrosiveti 640 kwa mtu ambaye hakuulizwa, na huenda ni mwanamke mjamzito. Kutoka hospitali mpaka Kayole ni sawa: mama aketi pembeni, kiti cha nyuma, na asimpakate mtoto wa mtu hata akitabasamu vipi. Afadhali nauli ya teksi kama mnayo.

Wewe unanyonyesha, na unaweza kuendelea. Dawa iko kwa mama, haiko kwako. Ikiwa unahisi una mimba nyingine, sema mapema ili usiwe wewe wa kumhudumia.

Choo. Iodini ambayo tezi haikuivuta hutoka kwa mkojo, nyingi yake ndani ya saa 48 za kwanza, na ndiyo sababu tunamtaka anywe maji mengi. Majirani hawatadhurika kwa kutumia choo hichohicho. Mkojo ukishaingia kwenye bomba umezimuliwa, na umbali unawalinda. Tatizo ni matone. Achuchumae au aketi kwa uangalifu, amwage maji mara mbili, anawe mikono kwa sabuni kila mara. Najua maji ya Kayole, kwa hivyo jaza mitungi miwili mitatu ya lita 20 kabla ya siku hiyo, ya choo peke yake. Na lile jambo ambalo karatasi za hospitali huwa haziandiki: najua usiku wanawake wengi hawatoki nje kwenda choo cha ploti, hutumia ndoo ndani. Hizo siku mbili za mwanzo atafutiwe mtu mzima wa kumsindikiza. Ikishindikana, ndoo iwe na kifuniko, ikae mlangoni mbali na kitanda, imwagwe alfajiri chooni na isuuzwe hukohuko, si kwenye karo la vyombo. Sahani, kijiko, taulo na shuka viwe vyake, vioshwe peke yake, basi. Hakuna haja ya kuvitupa, na tafadhali asichome nguo kama nilivyosikia mtu akishauri.

Mambo matatu ya daktari ambayo hata mimi nitakukumbusha. Kama hivi karibuni mama alipigwa picha ya CT akadungwa dawa ya kung'arisha mishipa, lazima waambiwe, kwa sababu dawa hiyo imejaa iodini ya kawaida na tezi iliyoshiba haitavuta ya kidonge. Kama anameza dawa za kupunguza kasi ya tezi, aulize lini aziache. Na asitegemee nafuu wiki hiyo: tezi hunyauka polepole, majuma kadhaa hadi miezi, na mara nyingi hunyauka kupita kiasi, hivi kwamba atahitaji kidonge cha homoni cha kila siku maisha yake yote. Hicho ni cha kawaida, hakina mionzi.

Kilifi nitaigusa kidogo tu. Iodini hii hii ndiyo iliyotoka kwenye kinu cha nyuklia kilicholipuka Chernobyl Aprili 1986, ikaanguka kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na miaka iliyofuata maelfu wakapata saratani ya tezi. Kwa hivyo watu wa Uyombo, kijiji cha Kilifi kilichotajwa kuwa pa kujengea kinu, waliotoka kuandamana mwaka 2024 si wajinga wa sayansi. Kinu kizuri kinawezekana, nchi nyingi zinavyo. Swali langu kwa serikali ni nani atakayekikagua na kama ana uwezo wa kukizima bila kupigiwa simu kutoka juu. Lakini kidonge cha mama hakiungi mkono wala kupinga kinu cha Kilifi. Ni mambo mawili, na kumnyima mama tiba kwa sababu ya moja ni kumwadhibu bure.

Tena jirani akumbuke kwamba nyuklia iko kwenye tokeni zake za stima. Karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, mwingi wake Olkaria, na karibu nusu ya joto la tumbo la dunia hutokana na urani, thoriamu na potasiamu zinazogeuka polepole huko chini. Kule Unguja, katikati ya miaka ya 1990, mbung'o walimalizwa kwa kuwapiga madume mionzi huko Tanga ili wasizae, kisha wakaachiliwa kutoka kwenye ndege, wengi kuliko madume wa msituni. Ng'ombe wa kisiwa hicho hawajui habari za Hiroshima.

Basi kalenda. Siku ya kidonge mwombe mtu wa vipimo akuandikie tarehe mbili kwa mkono wake: ile ambayo mama anaweza kukaa na watu wazima kama kawaida, na ile ambayo Tumaini anaweza kurudi mapajani mwa nyanya yake. Ya pili ndiyo itakayochelewa. Ibandike mlangoni, upande wa ndani. Na jioni ukimletea chai, kwa siku hizo za mwanzo, mwekee juu ya stuli, urudi ukae kwenye kizingiti. Hapo ni kama mita mbili na nusu, na gumzo linasikika vizuri tu.